Mgongo wa Kiti Kabla ya Jumanne

Kwa miaka kumi na tisa Marlys Hoekzema alikuwa msaidizi katika ofisi ndogo ya wakili wa hataza, yaani haki za kisheria za wabunifu, mjini Grand Rapids, na miaka yote hiyo hakuzipenda Jumatatu. Hataza hutoka Jumanne. Ombi la mwendelezo, linaloomba ulinzi wa sehemu nyingine ya ubunifu uleule kwa tarehe ya ombi la kwanza, lisipoingia kabla hataza ya kwanza haijatoka, basi tena.

Jumatatu hiyo ilikuwa zamu ya Wendell Dykhuis, mtengenezaji wa viti. Hataza ya kiti chake kizima ingetoka kesho yake. Kiwanda kimoja kilikuwa tayari kinauza mgongo uleule juu ya miguu tofauti, kwa hiyo Wendell alitaka kulinda mgongo peke yake. Saa tisa alasiri alileta michoro mipya, miguu ikiwa na mistari ya kukatika-katika, ishara kwamba haimo katika haki inayoombwa.

Marlys aliweka karatasi hizo juu ya zile za mwaka juzi, akaziinua dirishani. Miguu ililingana. Mgongo ulipishana.

"Wendell, huu mkunjo wa juu ulikuwepo?"

"Nimeupendezesha kidogo tu. Ule wa zamani ulikuwa kama koleo la kuzolea theluji."

"Basi turudishe koleo."

"Wewe nawe. Huu mpya si mzuri zaidi?"

"Ni mzuri, ila mwaka juzi haukuwemo, na mwendelezo haupokei kisichokuwemo. Tukiupeleka hivi tunapoteza tarehe ya ombi la kwanza, na kiti chako mwenyewe, kilichokaa dukani muda wote huu, ndicho kitakachotukwamisha, maana watasema ubunifu huu si mpya tena."

Marlys alimpigia simu wakili, Bi Oosterbaan, aliyekuwa Detroit kwa kesi nyingine.

"Achague sasa hivi," wakili alisema kwa sauti ya chini. "Mkunjo mpya una ombi lake, siku nyingine."

Marlys alikata simu, akamgeukia Wendell. "Kile kiwanda kinaiga upi?"

Wendell aliirudisha michoro yake mipya kwenye bahasha. "Koleo."

Akavuta kiti, akaanza kuchora upya kutoka kwenye karatasi za zamani. Marlys alihakiki jina la mbunifu, namba ya ombi la kwanza na ada, kisha wakili akatia saini kutoka huko alikokuwa. Saa kumi na moja na dakika saba stakabadhi ya kupokelewa kwa ombi ikaingia. Marlys aliisoma mara tatu.

"Sasa naweza kwenda nyumbani?" Wendell aliuliza.

"Kaa kwanza," Marlys alisema. "Nihesabu tena kurasa za michoro."