Mzito Hutangulia

Mimi ni mtu wa mwili mdogo na hasira za karibu. Ndugu yangu mkubwa ni kinyume changu: jitu la mtu, na hasira zake sijui huwa anaziweka wapi. Analima viazi Kibirichia na ni mzee wa kanisa. Mimi nauza dawa za mifugo katika duka moja pale Makutano, na Jumamosi nikipata ruhusa, naenda kushuka makorongo na rafiki yangu, mwalimu kutoka Embu. Tunafuata mto unaotoka mlimani, na kila tukifika maporomoko tunafunga kamba juu, tunateremka nayo, kisha tunaivuta na kuendelea. Ukishaivuta, hakuna kurudi ulikotoka.

Watu huniuliza kama siogopi kimo. Kimo sikiogopi. Ninachoogopa ni pale juu kamba ilipofungiwa, sisi tunapaita anka. Mara nyingi waliotangulia wameacha yao: mkanda umezungushiwa jiwe au mti, na pete ya chuma ya kupitishia kamba. Hujui aliyeufunga ni nani, wala alikuwa na haraka gani, wala mkanda umenyeshewa mvua ngapi. Kwa hivyo unaikagua anka kama mtu anayenunua ng'ombe sokoni. Hutosheki na rangi, unamfungua mdomo.

Halafu kuna kanuni. Mzito hutangulia, na anaposhuka tunamfungia kamba ya akiba pembeni, imelegea, haibebi kitu, kazi yake ni kumdaka tu kama anka itang'oka. Walio juu wanatazama anka inavyoubeba ule uzito. Mwepesi huenda mwisho, maana lazima mtu mmoja aifungue ile akiba na ashuke bila kinga. Mwepesi, kila siku, ni mimi.

Ndugu yangu alitaka kuja baada ya sisi kumzika mama. Mama alimwambia pale hospitalini, na mimi nasikia, "Huyu usimwache nyuma." Huu mchezo wangu haukuwahi kumpendeza mama. Basi kaka akanipigia simu akasema, bila kuzunguka, anataka kuona ni kitu gani hicho ninachokiendea huko korongoni. Tulimfundisha kwenye ukuta mfupi karibu na shamba lake. Alishika mambo haraka kuliko nilivyopenda.

Siku yenyewe mambo yalienda vizuri mpaka tukafika kwenye maporomoko makubwa. Pale tulikuta mkanda kwenye jiwe lililobanwa kati ya kuta mbili. Zamani ulikuwa mwekundu, sasa ulikuwa na rangi ya soksi iliyofuliwa ikachoka. Nilijaribu kuukunja, ukakataa. Kwa nyuma, mahali ambapo hakuna mtu hutazama, nyuzi zilikuwa zimeyeyuka, maana kuna mtu aliwahi kuivuta kamba yake juu ya mkanda bila kutumia pete. Nikatoa kisu nikaukata. Rafiki yangu akautia kwenye begi, kwa sababu ukiuacha hapo kuna mwingine atauamini.

Jiwe lenyewe nililipiga teke, kisha nikaegemeza mgongo ukutani nikalisukuma kwa miguu yote miwili. Halikutikisika. Nikalizungushia mkanda mpya, nikaweka pete yetu, na kamba ya akiba tukaifunga kwenye mti uliokuwa nyuma kidogo.

"Haya mzee, wewe wa kwanza," nikamwambia kaka.

Akaketi chini.

"Siendi. Nikuache hapa juu, mimi niteremke kama nani?"

Nikamweleza kanuni upya. Alinisikiliza kwa heshima zote, jinsi anavyomsikiliza mhubiri mgeni, halafu akasema mwanaume hawezi kumwacha dada yake juu ya jabali akaenda kumngojea chini. Yeye atashuka mwisho. Hiyo akiba atajifungulia mwenyewe.

Hasira zikanipanda. Nilimwambia maneno ambayo mzee wa kanisa haambiwi na dada yake mdogo. Nilimuuliza nitawaambia nini watoto wake, kwamba baba yenu alikufa kwa sababu ya adabu? Kwamba jiwe halijui nani ni mwanaume? Rafiki yangu alijishughulisha na kifundo cha kamba ambacho alikuwa amekikagua tayari.

Ndipo nikamwangalia vizuri usoni. Alikuwa anaogopa, na hakuwa anajiogopea. Huruma ilinishika, nikaketi kando yake.

"Sikiliza," nikasema, taratibu sasa. "Mimi nitashuka hapa bila kinga. Hilo halibadiliki. Lakini kabla sijashuka, nataka mtu mzito kunishinda awe ameining'inia hii kitu, tena akiwa na akiba. Kama itakataa, ikatae wewe ukiwa umekingwa na mimi nikiwa bado huku juu. Njia ya kunichunga hapa ni hiyo tu. Nyingine sina."

Akachezea mkanda wa helmeti.

"Kwa hivyo nikitangulia, sijakuacha."

"Hujaniacha."

Akasimama, akavua helmeti, akaomba. Aliomba kirefu, mpaka jiwe likaombewa. Kisha akashuka.

Mimi nililala kifudifudi, macho kwenye jiwe. Alipoegemea kamba pale ukingoni, jiwe lilitulia. Alipofika kama katikati, likasogea. Si sana, upana wa kidole tu, na mchanga kidogo ukamwagika chini yake. Kumwita haikuwezekana kwa kelele za maji, na hata angesikia angefanya nini pale katikati? Nikashika mkanda kwa mikono yote miwili, upuuzi mtupu, eti mimi ndiye ningemzuia yule mtu. Nikabaki hivyo mpaka kamba ikalegea, nikajua amefika.

"Limesogea," nikamwambia rafiki yangu.

"Limekaa vizuri zaidi, au limeanza safari?"

Sikujua. Hapo ndipo mtu hujidanganya kwa urahisi: limembeba yeye, mimi litanishindwa vipi? Hesabu hiyo ni nzuri kama jiwe ni lile lile. Lakini lililosogea si lile nililolipiga teke, na kitu nilichokuwa nimekipima hakikuwepo tena. Nikasema tunajenga upya.

Tuliuendea ule mti. Mwanzoni tuliukwepa kwa sababu kamba ikitoka pale ingesuguliwa na ukingo mkali. Sasa tulikata kipande kirefu cha kamba yetu ya ziada, tukakizungusha chini kabisa ya shina, karibu na mizizi, tukaileta pete hadi mbele ya ukingo ining'inie hewani. Akiba tukaihamishia kwenye mti wa pili. Rafiki yangu akashuka salama, lakini naye hana uzito wa maana. Kwa hiyo tulikuwa tumepatana kwamba akifika atamwambia kaka ajitundike kwenye kamba kutoka kule chini. Nikaona kamba inakazika, inatetemeka, inakazika tena. Shina halikusema neno. Kisha nikasikia filimbi: zamu yangu.

Nikaifungua akiba, nikaikunja begini. Kila nikifika hapo huwa najiuliza ni kitu gani kinanileta. Jibu ninalolipata si zuri sana: ni kwamba sehemu nyingine zote za maisha yangu naegemea vitu ambavyo sijavikagua. Hapa angalau nimetazama. Nikaegemea kamba, nikashuka huku uso wangu umeuelekea ukuta, polepole, maji yakinipiga bega.

Nilikuwa bado hewani nilipohisi kitu kimenishika kisigino. Ulikuwa mkono wake. Alikuwa amesimama ndani ya kidimbwi, chini yangu kabisa, maji ya barafu kifuani, mikono ameitandaza. Hapo ndipo tulipomkataza kabisa kusimama, kwa sababu jiwe likidondoka kutoka juu huangukia hapo. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Rafiki yangu, aliyekuwa kando mahali pa usalama, aliinua mabega tu. Alikuwa amemwambia, na hakusikia.

Nilianza kumfokea hata kabla sijajitoa kwenye kamba. Kwani hatukukuambia mawe yanaangukia hapo?

"Mliniambia," akasema, meno yakigongana. "Na wewe ungeangukia wapi?"