Kitambaa cha Mama Mkwe Mnadani

Mwanamke huyu alizaliwa na sauti ya watu watatu, wawili kati yao wakali. Kazini kwake, kwenye dirisha la mapokezi la zahanati, hakuhitaji kengele. Akiita "Anayefuata!" hata waliokuja kusindikiza wagonjwa walisimama. Ndiyo maana wazazi wa shule ya msingi anayosoma binti yake walimbatiza Kipaza, na kamati ilipotafuta mtu wa kunadi vitu siku ya changizo, hakuna aliyehangaika kupiga kura.

Changizo lenyewe lilikuwa la milango. Vyoo vya wasichana vilikuwa na kuta na vilikuwa na paa, lakini milango ilikuwa imeondoka mmoja mmoja, kama wageni wa sherehe iliyokosa chakula. Msichana akibanwa ilibidi aende na rafiki wa kumkinga kwa sweta. Binti wa Kipaza, wa darasa la tatu, alikuwa mkingaji hodari. Alirudi nyumbani na sweta limelegea mikono kama la mzee.

Kwa hiyo Kipaza alilichukua jambo hili moyoni, na alipolichukua moyoni, mtaa mzima ulisikia. Katika mkutano wa wazazi alisimama akawapasha.

"Jamani, tunaomba vitu vya mnada, siyo takataka zenu! Mwaka jana mtu alituletea chupa ya chai haina kifuniko. Mwingine kiatu cha mguu mmoja. Tumnadie nani, kigogo cha mti? Toa kitu ambacho hata wewe ukikiona mezani kwa mwenzio utakitamani!"

Wakapiga makofi. Wenye kiatu kingine nyumbani wakainamisha vichwa.

Lakini nyani haoni kundule. Asubuhi ya changizo, akiwa amechelewa, Kipaza alikumbuka kwamba yeye mwenyewe hajatoa kitu. Akazunguka nyumba nzima akitafuta kitu cha kutamanika. Kila cha kutamanika alikitamani yeye pia, basi akakiacha. Mwisho akapanda kwenye stuli, akapapasa juu ya kabati, akashusha mfuko wa plastiki.

Ndani mlikuwa na kitambaa cha meza alichofumiwa na mama mkwe wake. Kitambaa kikubwa, kizito, cha rangi ya chungwa, zambarau na kijani kibichi, rangi ambazo ukiziona pamoja unahisi unapaswa kuziamulia. Kilikaa juu ya kabati tangu siku kilipoletwa. Mama mkwe akija kutembea, kulikuwa na zoezi kama la zimamoto: mume anatoka kumpokea getini, anamuuliza habari za magoti, goti la kulia kisha la kushoto, na Kipaza huku ndani anapanda stuli, anakung'uta, anatandika. Mama akiingia anakuta kitambaa kimetulia mezani kama kimezaliwa pale.

"Hicho unakipeleka wapi?" mume akauliza, akiwa na mswaki mdomoni.

"Kwenye milango ya vyoo."

"Mama akija je?"

"Tutamwambia kiko kwa dobi. Wewe kazi yako kutunza siri."

Mume, fundi umeme mwenye kuogopa nyaya kuliko ugomvi lakini kwa tofauti ndogo sana, akarudi bafuni.

Uwanja wa shule ulikuwa umefungwa turubai. Viti vya plastiki vilijaa, mwalimu mkuu alivaa tai, na mwenyekiti wa kamati, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikaa mbele akiwa na sura ya mtu ambaye milango yote itanunuliwa kwake. Kipaza akashika kipaza sauti, kitu ambacho kwake kilikuwa sawa na kumpa samaki maji ya chupa. Akanadi jogoo, akanadi pasi, akanadi keki ambayo ilinunuliwa, ikarudishwa, ikanadiwa tena. Watu walicheka, mifuko ikafunguka. Alikuwa anang'aa. Hapo ndipo mtu anapopaswa kukaa chini, na hapo ndipo hakuna anayekaa.

Akakifungua kitambaa, akakiinua juu kwa mikono miwili. Watu wakanyamaza kidogo, kwa kuwa macho yalihitaji muda.

"Haya sasa! Tazameni! Rangi hizi zilikutana njiani zikapigana, na hakuna aliyeshinda!"

Kicheko.

"Aliyekifuma nadhani alikuwa amefumba macho! Au alikuwa anamkimbia mtu!"

Kicheko kikubwa zaidi. Mwalimu mkuu alifuta machozi kwa ncha ya tai. Na Kipaza, aliyeshakolea, akatoa ile ambayo angelipa chochote kuirudisha mdomoni:

"Una mgeni haishi kuja kwako, kila mara yuko mlangoni? Tandika hiki! Chai haijapoa, atakumbuka kwao!"

Turubai likataka kupaa. Katikati ya kelele, mkono mmoja ukainuka nyuma kabisa, karibu na nguzo, ukataja bei. Kipaza aliuona mkono kabla hajamwona mwenyewe. Kidole kidogo kilikuwa kimepinda kwa ndani, kidole kilichoshika uzi miaka na miaka.

Mama mkwe wake alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani. Kando yake alisimama mjukuu, binti wa Kipaza mwenyewe, amevaa sare ya kwaya, anachekelea. Alikuwa amemwomba bibi aje amsikilize akiimba, na bibi, na magoti yake hayo hayo, akaja bila kumsumbua mtu.

Ukivuliwa nguo, chutama. Lakini utachutamaje umeshika kitambaa juu ya kichwa mbele ya shule nzima?

"Eeh... kumbe," akasema Kipaza. Sauti ya watu watatu ikabaki ya nusu mtu. "Kumbe ni kizuri. Ukikitazama vizuri. Natia na mimi!" Akapandisha bei.

"Aa, aa!" mwenyekiti akadakia. "Mnadi hanunui anachonadi! Hiyo ni mechi ya refa kufunga bao!"

"Leo nafunga!" Kipaza akapiga kelele, na watu wakadhani ni sehemu ya vichekesho.

Mama mkwe akapandisha. Kipaza akapandisha tena, akala pesa ya gesi. Mama mkwe akafungua mkoba, akachungulia ndani bila haraka, akapandisha. Kipaza akala pesa ya umeme ya fundi umeme. Wazazi wakasimama kwenye viti. Hata wauza maandazi wa nje ya ua walikuja kuchungulia ni dhahabu gani inauzwa.

"Bibi, mwachie huyo kichaa!" mzazi mmoja akapiga kelele. "Hukusikia mwenyewe anasema aliyefuma alifumba macho?"

"Nilisikia," mama mkwe akajibu. Hakuinua sauti, lakini watu walitulia. "Ila mimi nakijua kilivyofumwa. Aliyekifuma alifumbua yote mawili."

Kipaza akafungua mdomo kutaja bei nyingine. Mama mkwe akamtazama, akamwambia taratibu, kama mtu anayeomba kupishwa mlangoni:

"Mwanangu, niachie. Wewe ulikuwa nacho."

Watu wakacheka, maana waliona ni utani wa bibi mchangamfu. Kipaza peke yake ndiye hakucheka. Akakikunja kitambaa, akateremka, akapita katikati ya viti, akampa. Mama mkwe akalipa, akashukuru, akakitia mkobani, akambusu mjukuu, akaondoka na magoti yake.

Kilichofuata kilikuwa adhabu ya aina yake. Kitambaa kile kilileta pesa nyingi kuliko jogoo, pasi na keki mara zote mbili. Mwalimu mkuu alimwita Kipaza mbele, akasema shule haijawahi kupata mnadi kama huyu, akamtaka apigiwe makofi ya kilo. Akapigiwa. Mwenyekiti akanong'ona, "Ule mchezo na yule bibi mlipanga? Mmetuua!" Kipaza akatabasamu kwa meno tu.

Nyumbani mume alikuwa ameshapata habari. Mjukuu alikuwa ameeleza yote, na kuigiza.

"Twende wote kwa mama," Kipaza akasihi.

"Mimi niliambiwa nitunze siri, nikaitunza. Wewe umeitoa kwa kipaza sauti. Mke wangu, hiyo safari ina nauli ya mtu mmoja."

Basi kesho yake, baada ya zamu, akaenda peke yake. Njiani alitunga vichekesho vya kuanzia. Alikuwa navyo vitatu, vizuri kabisa. Mama mkwe akafungua mlango, akasema karibu, akavuta kiti. Kitambaa kilikuwa mezani. Chumba kilikuwa cheupe, kitulivu, na kitambaa kilikuwa katikati yake kikipiga kelele kwa rangi zote.

"Mama, nimekuja kuomba radhi."

"Ya nini? Si ulikuwa unatania?"

"Nilikuwa natania, Mama."

"Utani unamtania mtu akiwepo, naye akujibu. Akiwa hayupo, huo una jina lingine."

Vichekesho vitatu vikafa pale pale. Kipaza alitazama mikono yake. Kwenye dirisha la mapokezi alikuwa amewasikia watu wakieleza aibu zao zote kupitia tundu, naye akiwaambia "Sema kwa sauti, sikusikii!" Sasa sauti yake mwenyewe ilikataa kutoka.

"Sikukipenda," akasema mwishowe. "Nilikificha juu ya kabati. Ukija ndiyo nakitandika."

"Najua."

"Unajua?"

"Kitambaa kinachokaa mezani hakina mikunjo ya mfuko. Na mwanangu anaponiuliza goti la kulia halafu la kushoto pale getini, nasikia stuli ikivutwa." Mama mkwe akanyoosha ukingo wa kitambaa kwa kile kidole kilichopinda. "Nilikuwa nafurahi. Nasema, huyu hakipendi, lakini anahangaika kwa ajili yangu. Asiyekuheshimu hapandi stuli."

Hilo Kipaza hakulitegemea. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, matusi angeyajibu. Machozi yakamjaa, akayafuta kwa kiganja upesi kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

"Nirudishie, Mama. Nitakitandika kila siku. Naapa."

"Hapana, mwanangu. Nimekinunua, tena kwa bei mbaya. Ni changu." Akainuka, akaleta birika na vikombe. "Sijakukasirikia. Nitakuja kukutembelea kama kawaida. Ila safari hii nitakuletea sukari. Sukari inanyweka, inaisha, hakuna wa kuisema vibaya."

Akammiminia chai. "Angalia tu usikimwagie."

Kipaza alisogeza kiti nyuma, mbali na meza, akanywa chai yake polepole, kikombe kikiwa kwenye goti.