Mama Aliyekalia Kinu

Nilipokuwa mtoto kule Kabambare, niliambiwa kwamba mwanamke akikalia kinu, bwana wake atakufa. Hakuna aliyeniambia kwa nini. Kinu ni gogo lenye shimo. Lakini watu wasiojua kwa nini watoto wao wanaharisha kila mvua zikianza, walijua kwa hakika kabisa kinachowaua wanaume.

Mama, aliyeitwa Mama Safi kwa jina langu, alikuwa na ugonjwa wa mishipa. Ulimwanza alipomzaa mdogo wetu wa mwisho. Maumivu yalitoka kiunoni, yakateremka nyuma ya paja hadi vidole vya mguu, mara kama moto, mara kama siafu. Muuguzi alisema kuna mshipa umebanwa mgongoni. Akampa vidonge; vidonge vikaisha, maumivu yakabaki. Kitandani mguu ulimuunguza. Kwenye kigoda ulimuunguza zaidi, kwa sababu kigoda kilimkunja. Siku moja, akiwa amechoka kusimama, alikipindua kinu cha mpunga akakikalia. Kilikuwa kirefu, hakikumkunja. Akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Tangu hapo, kila alasiri tulipomaliza kutwanga, kinu kilipinduliwa kando ya ukuta, naye akakaa juu yake na ungo mapajani akichambua mchele. Sisi watoto tulimkanda mguu kwa mawese ya vuguvugu. Hapo ndipo alipobuni mchezo. Kiuno kilikuwa mji wa Kasongo, vidole vilikuwa kwetu Kabambare, na maumivu yalikuwa pikipiki iliyobeba mizigo kupita kiasi.

"Mama, pikipiki imefika wapi?"

"Imefika ku goti. Imekwama mu matope."

"Dereva anasema nini?"

"Anatukana barabara. Na mama mmoja munene nyuma yake anamutukana dereva."

Alimwiga dereva, akamwiga yule mama, akamwiga na kuku aliyefungwa kichwa chini kwenye mzigo. Tulicheka mpaka mawese yakamwagika. Maumivu yalipomchoma sana alisema tu, "Imepiga breki," akafumba macho, nasi tukangoja mikono yetu ikiwa palepale mguuni. Kisha safari ikaendelea. Hata baba, alipokuwa nyumbani, aliucheza nasi.

Shangazi Feza, dada mkubwa wa baba, alitukuta hivyo. Baba alikuwa Lusangi akichimba dhahabu.

"Mama Safi, shuka! Ndugu yangu iko mu shimo, na weye unamukalia?"

"Wifi, niletee kiti chenye hakiniumize, nitashuka sasa hivi."

"Viti iko vingi."

"Leta kimoja basi."

Hakuleta. Watu wa namna ile huleta maonyo, kiti hawaleti. Alipita nyumba kwa nyumba akieleza kwamba hata ule ugonjwa wa mguu ulitokana na kinu. Mguu uliuma mwaka mzima kabla mama hajakikalia, na jirani zetu wote walijua, lakini waliitikia kwa vichwa.

Ndipo ikaja habari kwamba shimo limebomoka Lusangi. Nani amefunikwa, hakuna aliyejua. Asubuhi hiyohiyo Shangazi Feza alifika na binti zake wawili wakubwa, wakakibeba kinu. Mama alijaribu kuinuka, mguu ukakataa.

"Nikimuzika ndugu yangu, utanieleza nini?" shangazi aliuliza.

Niliona kwamba mama, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu, ameogopa. Hilo ndilo sijawasamehe mpaka leo. Kinu wangeturudishia, lakini walimfanya mwanamke mwenye akili ajiulize kama kweli amemuua mume wake kwa matako yake. Aliingia ndani akalala, uso ukutani. Tulikula muhogo, maana mpunga haukuwa na pa kutwangwa. Mdogo wangu alipouliza pikipiki imefika wapi, mama alisema, "Haitembei tena." Mguu hakutaka tuuguse.

Baba akarudi. Alirudi mzima, matope hadi masikioni, kwa sababu shimo lililobomoka lilikuwa la watu wengine. Shangazi alikuja mbio kumpokea.

"Unaona?" akamwambia mama kutoka mlangoni. "Nilitoa kinu kwa wakati."

Basi hivyo ndivyo mambo yale yalivyo. Baba angekufa, kinu kimemuua. Hakufa, shangazi amemwokoa. Sijapata kuona imani ya namna hiyo ikishindwa, wala mwenye nayo akiona haya.

Baba alimtazama mama kitandani, akatutazama sisi. Hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa dada yake, mimi na shangazi nyuma yake. Uani kwa shangazi tuliwakuta binti zake na michi mikononi. Walikuwa wanatwanga mpunga wao katika kinu chetu.

"Kumbe kinatwanga," baba alisema.

"Kutwanga haina mubaya," shangazi alisema. "Mubaya ni kukalia."

Baba alimimina mpunga wao kwenye ungo, taratibu, bila kupoteza punje. Akakiweka kinu begani. Mwanaume aliyebeba kinu mchana kweupe! Vijana wa barabarani walipiga miluzi.

"Baba Safi, nani amekuoa?"

"Mama Safi. Na amenioa vizuri."

Nyumbani alikipindua mahali pake, akakaa yeye kwanza, mbele ya majirani wote waliotufuata. "Kama kinaua, kianze na miye." Kisha akamtoa mama ndani kwa mkono, akamkalisha, akachuchumaa, akaushika mguu.

"Pikipiki imefika wapi?"

Mama alilia kidogo. "Imeharibika tairi," akasema. "Fundi alikuwa Lusangi."

Baba alikufa kwa homa nilipokuwa na watoto wangu tayari. Msibani Shangazi Feza, mzee sasa, alininong'oneza: "Kinu." Alikuwa ameingoja nafasi hiyo miaka yote. Nilimpa chai.

Sasa naishi Kasongo, na mguu wangu wa kushoto ni wa mama, unaungua vilevile. Sisemi kwamba kicheko ni dawa. Anayesema hivyo hajaungua. Mguu wa mama haukupona, na wangu hauponi. Kinu hiki ninachokikalia ni kilekile cha mama, nilikileta kwa pikipiki, na jirani yangu, mwanamke wa sala nyingi, ameshaniuliza kama simpendi mume wangu. Nilimwomba kiti. Bado naungoja ukarimu wake.

Watoto wametoka shule. Mdogo wao ameshajipaka mawese mikononi, anauliza.

"Imefika ku paja," namjibu. "Shika vizuri, kuna matope."