Shali ya Mama na Kitoto cha Farasi

Tulikuwa na farasi watatu: jike mweusi, dume aliyehasiwa, na mmoja mfupi mnene ambaye kazi yake ilikuwa kula. Tuliwaweka katika kiwanja cha kukodi pembezoni mwa Harrow, London, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani. Asubuhi moja ya Aprili, baada ya sala ya alfajiri, nilikwenda kuwapa majani nikahesabu wanne. Nikahesabu tena. Mimi ni muuza mazulia. Mzigo ukizidi nilioagiza, huwa sifurahi mpaka nijue umetoka wapi.

Umetoka kwa jike mweusi. Nilimpata kwa kubadilishana na mazulia mawili, na aliyenipa hakutaja mimba. Tumbo ndilo lililoitaja baadaye. Sasa kitoto kilikuwa kimelala bandani, kibichi bado, miguu mirefu kama ya meza ya mtu mwingine. Nilirudi nyumbani mbio kuwaita mke wangu na mama.

Mama alitoka Unguja baada ya mapinduzi na masanduku mawili, na katika moja alitia chetezo chake cha udi. Hakuna mtoto aliyezaliwa katika ukoo wetu hapa London asiyefukizwa. Alipofika kiwanjani alikuwa amekuja nacho, na makaa yanawaka.

"Mama, humo ndani majani makavu matupu," nikamwambia. "Tutaungua sote."

"Basi ntampaka wanja wa kipaji, na hirizi ntamvisha shingoni. Majirani wote wanapita na mbwa wao hapa, kila mmoja na jicho lake."

"Hirizi ataitafuna."

"Wewe uliivaa, hukuitafuna."

Tukavutana. Nimewahi kupatana bei na watu wagumu, lakini hao hawakunizaa. Mwisho tukakubaliana: moto ubaki nje, wanja hapana, hirizi hapana. Yeye ataifukiza shali yake ya sufu kwa udi hapo uani, kisha atamfutia mtoto akauke, maana baridi ilikuwa kali. Alitaka matatu, nikampa moja. Nikajiona nimeshinda.

Mama akamfuta vizuri, kuanzia masikio mpaka kwato, akimwita mjukuu. Kitoto kikasimama, kikaanguka, kikasimama. Kikaenda kwa mama yake kutafuta ziwa. Jike akakinusa, akalaza masikio nyuma, akakipiga teke.

Kikajaribu tena, akakipiga tena. Mara ya tatu hakikwenda. Kilisimama pembeni kimeinamisha kichwa, na mimi nikaona tumbo lake lilivyoingia ndani.

Mke wangu akakimbia nyumbani kumpigia simu daktari wa mifugo, Mhindi wa Nairobi anayekaa Kingsbury. Alikuja na soksi ndani ya kandambili, maana simu ilimkuta kitandani. Aliingia bandani, akavuta pumzi, akatugeukia.

"Nani ameoga marashi humu?"

Akainama kunusa mgongo wa kitoto.

"Sasa nyinyi watu wa Zanzibar mmemharibia mama kazi. Farasi hajui mtoto kwa macho, anamjua kwa pua. Amezaa mtoto wake, sasa analetewa bwana harusi." Kisha akaacha mzaha. "Huyu lazima apate dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, kabla ya saa nne. Akikosa, kesho hamna mtoto."

Ilikuwa saa mbili na nusu. Mama aliiangalia shali mkononi mwake. Nilitaka kusema kwamba nilikuwa nimekubali, kwamba ndiyo bei niliyoikata mwenyewe, lakini hakuningoja. Aliitupa nje kwenye ua, akanawa mikono kwenye ndoo mara mbili na maji ya barafu, akavaa koti langu la kazini.

"Mshikeni huyo," akasema.

Mimi na daktari tukamshika jike kwa hatamu. Mama, ambaye hakukamua chochote tangu mbuzi wa kwao, akachutama ubavuni mwake akikwepa miguu, akakamua dang'a kwenye kikombe cha chai. Mke wangu akakiosha kitoto kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni. Kisha mama akampaka maziwa yale mgongoni, kiunoni, na hasa chini ya mkia, pahala daktari alipomwonyesha.

"Mama, kidogo tu bas, mengine anywe," daktari akasema.

"Nyamaza, baba. Nimekwisha zaa sita."

Tukakisogeza. Jike akanusa mkia. Akanusa tena, huyu naye anahesabu mara mbili. Masikio yalibaki nyuma kwa muda ambao sitaki kuupima, halafu moja likaja mbele, na la pili. Akaanza kulamba. Kitoto kikapita chini ya tumbo, kikakosa, kikapata, na tukasikia koo lake likimeza.

Daktari alitazama saa yake, akauliza kama kuna chai.

Saa tano nikamwambia mama twende nyumbani, amekaa juu ya ndoo tangu asubuhi. Akasema kitoto kinyonye kwanza mara moja zaidi. Kikanyonya.

"Moja tena," akasema.

Sikuomba apunguze.