Njaa ya Bure ya Leona Enos

Leona Enos hakuwa mlafi. Nalisema hili mapema, maana pale kijijini Sacaton mtu akipata kisukari huhukumiwa kwanza kwa sahani yake.

Daktari alipomwambia sukari imepanda, aliacha zile chapati pana alizokuwa akizichoma mwenyewe kwa kuni, akaacha na soda, akawa anatembea kando ya mfereji hadi sketi zikawa zinamvuka. Kwenye sikukuu ya mtakatifu wa kanisa lao, ambako kukataa chakula ni kumtukana mpishi, alikaa na kibakuli cha maharagwe akivumilia midomo ya watu.

"Dada, unajikondesha upate mchumba?" kaka yake Wendell alimtania.

"Nimpate wapi? Hapa nyote ndugu zangu, na sura zenyewe ndizo hizo!"

Sukari ikapanda vilevile. Kliniki wakamtazama kama mwizi, wakamuuliza usiku huwa anakula nini. Alilia kwa hasira, na nani asingelia?

Muuguzi mmoja tu, Delphine, binti wa hukohuko, ndiye aliyemwambia ukweli. "Mama, najua hudanganyi. Kongosho lako limechoka, linatoa insulini kiduchu mno. Hata ukila majani, sukari itabaki kwenye damu. Unahitaji sindano."

"Sindano? Ile iliyommaliza mama yangu?"

Kwa watu wa pale sindano ilikuwa mlango wa kaburi. Walikuwa wameona kwa macho yao: mtu anaanza insulini, figo zinakufa, mguu unakatwa, matanga yanafuata. Wasichokiona ni kwamba kila mmoja wa hao marehemu aliikubali sindano maji yakiwa yameshamfika shingoni. Leona naye akazirundika dawa za sindano alizopewa kwenye jokofu bila kuzigusa, akaongeza njaa. Siku alipojikata kidole cha mguu hakusikia maumivu, wala hakutazama. Alipokuja kuona usaha ndipo alipokubali kuchomwa, lakini mguu ulikuwa umeshaoza. Ukakatwa chini ya goti.

Mwaka uliofuata Charlene, binti wa Wendell, akapewa jibu lilelile: kongosho halitoi insulini ya kutosha, aanze sindano. Leona akasukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi kwa binti huyo, akamweleza yote, jinsi alivyochelewa na jinsi njaa yake ilivyokuwa ya bure.

Charlene alimsikiliza kwa adabu, macho yake yakiwa kwenye upande wa suruali ya shangazi yake uliokunjwa na kubanwa kwa pini.

"Shangazi, siku unaanza sindano, mguu ulikuwepo?"

"Ulikuwepo, lakini ulikuwa umesha—"

"Ulikuwepo."

Leona alimwita mpumbavu, akambembeleza, akamwita mpumbavu tena. Charlene alifungua kabati, akatoa mfuko wa unga, akaumwaga wote kwenye pipa la takataka.

"Usilie, shangazi," alisema. "Nitaacha kula tu."