Ukurasa Uliotoka Kabatini

Kibanda cha Mwanne pale Kwa Mathias kilipakana na changu, tukitenganishwa na bati moja tu. Akikanyaga cherehani yake, meza yangu ya vitenge inatikisika. Yeye ni mzaliwa wa Mzenga, Kisarawe. Mimi nilikuja Kibaha na mume wangu kutoka Bukoba, na kwa miaka yote hiyo tumeitana kwa majina ya watoto: yeye Mama Zuwena, mimi Mama Evance.

Zuwena alikuwa mtoto wake wa pekee. Msichana mrefu, mcheshi, akitoka shule anapitia kibandani na sare yake ya sekondari, anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na kuanza kushona vifungo bila kuambiwa. Wateja walikuwa wakisema, "Huyu umemzaa mwenyewe kweli, mpaka mwendo ni wako." Mwanne anacheka, anainama kutia uzi kwenye sindano. Sikuwahi kuona kitu katika kuinama kule.

Baba yake Zuwena, mzee Zahoro, dereva wa malori ya mchanga, alifariki kwa figo mtoto akiwa bado shule ya msingi. Tangu hapo walibaki wawili.

Nilichokuja kukijua, nilikijua kwa simu. Ilikuwa asubuhi ya soko, nimekaa kusubiri wateja, ikaingia picha katika kundi letu la wasap la wafanyabiashara. Ilikuwa picha ya karatasi ya ofisi, yenye mhuri, imepigwa juu ya meza. Imebandikwa picha ndogo ya mtoto mchanga. Chini yake majina ya Zahoro na Mwanne, kijiji cha Mwanne, namba ya nyumba yao. Na chini zaidi, jina la mwanamke mwingine: Rukaya, mwanafunzi, wa Magindu, mama mzazi. Familia imemkataa mtoto. Aliyeileta ile picha kundini alikuwa ameandika, "Kumbe wa fundi si wake," akaweka na vikatuni vya kucheka.

Nilikaa nayo kidogo mkononi. Nikaona akiisikia kwa mtu barabarani itakuwa mbaya zaidi. Nikazunguka bati, nikamwambia, "Mama Zuwena, zima cherehani."

Aliisoma yote, pole pole, kama mtu anayesoma kwa mara ya kwanza, na hali aliisaini mwenyewe. Kisha akaniuliza, "Humu ndani mko wangapi?"

"Wengi, mama."

"Na imeanzia humu?"

"Hapana. Imetoka kwingine, imeletwa."

Akainuka. Aliacha gauni la mtu chini ya sindano, akaacha kibanda wazi, akavuka barabara bila kutazama magari mpaka nikapiga kelele. Alikuwa anakimbilia shuleni. Mimi nilifunga vibanda vyote viwili nikamfuata.

Tulichelewa. Mwalimu wa zamu alituambia Zuwena ameomba ruhusa, tumbo linamuuma. Wanafunzi wanaotoka majumbani walikuwa wameshakuja na habari tangu alfajiri. Tulimkuta nyumbani, amekaa kitandani kwa mama yake, na sare yake mwilini na viatu miguuni.

"Ni kweli?" akauliza.

Mwanne akakaa chini, kwenye sakafu. "Ni kweli, mwanangu."

"Baba alijua?"

"Tulikuchukua pamoja."

"Na mlitaka nijue lini?"

"Ukimaliza kidato cha nne. Tulikubaliana na yule mama wa ofisi ya ustawi, tukae naye, akueleze vizuri."

"Amenieleza Hadija wa kidato cha kwanza," Zuwena akasema. "Chooni. Mbele ya watu."

Hakulia. Mwanne ndiye aliyelia, na mtoto akawa anamtazama tu.

Siku zile ndipo Mwanne aliponisimulia. Mimba zake zote zilikuwa zikitoka kabla ya wakati. Zahoro hakuwahi kumsema, lakini ndugu zake walisema vya kutosha. Wakaenda ofisi ya ustawi wa jamii, wakaandikisha. Kulikuwa na afisa mmoja mtu mzima, Mama Elinipa, mkali, asiyecheka ovyo. Ndiye aliyekuja kukagua nyumba, akafungua mpaka sufuria. Ndiye aliyewaita siku mtoto alipopatikana, na baadaye akasimama nao mahakamani walipopewa mtoto moja kwa moja. Siku wanamaliza kusaini, Mwanne alimuuliza karatasi zile zitakwenda wapi. Mama Elinipa akamwonyesha kabati la chuma.

"Humu mna habari za pande tatu," alimwambia. "Zenu, za mtoto, na za yule binti aliyemzaa. Zote ni siri. Anayelifungua hili kabati awe na kazi nalo."

Na kwa muda wote aliokuwapo, hakuna kilichotoka. Kisha akastaafu, akarudi kwao Upareni.

Kesho yake ya siku ile picha ilipoingia, tulikwenda ile ofisi. Siitaji ni ipi. Mkuu wa ofisi alitupokea vizuri, akatupa viti, akatuagizia maji. Alieleza kwamba mafaili ya zamani yalikuwa yanaingizwa kwenye kompyuta, ili yasiliwe na mchwa. Mashine ya kunakili iliharibika, na kazi ilitakiwa iishe kabla ya wakaguzi kuja. Vijana wa mkataba wakaambiwa wapige picha kwa simu zao wenyewe, watumiane kwenye kundi la kazi, mwingine aingize.

"Sasa kijana mmoja akakosea kundi," mkuu akasema. "Badala ya kutuma la kazini, akatuma la mpira. Aligundua muda huo huo akaifuta. Lakini kuna mtu alikuwa ameshaihifadhi."

Yule kijana aliitwa. Jina lake Ipyana. Alisimama mlangoni akiwa ameshika mikono nyuma, macho mekundu. "Nisamehe, mama," akasema. "Sikudhamiria. Wallahi sikudhamiria." Alikuwa Mkristo, lakini hofu ilimfanya aape kwa kiapo cha Mwanne.

Mwanne alimgeukia mkuu. "Nani alimwambia atumie simu yake?"

"Ni utaratibu wa muda tu, mama. Na tumeshaifuta."

"Mmeifuta wapi?"

"Kwenye simu zote za ofisi."

"Mimi nimeiona Kwa Mathias. Mtoto wangu ameisikia chooni shuleni. Huko mtaifuta lini?"

Feni ilikuwa inazunguka juu, na mkuu akawa anapanga kalamu zake mezani. Ndipo Mwanne akauliza jambo ambalo mimi mwenyewe sikulifikiria. "Na yule binti wa Magindu, mmemwambia?"

"Yupi?"

"Rukaya. Jina lake limo kwenye karatasi. Pengine ameolewa huko, ana maisha yake. Mmemtuma mtu akamwambie kabla hajaambiwa na wengine?"

Mkuu akasema gari la ofisi liko gereji. Atalishughulikia wiki itakayofuata.

"Basi nitakwenda mimi," Mwanne akasema, akasimama.

Tulipanda gari hadi Mlandizi, kutoka pale tukachukua bodaboda mbili. Njia ya Magindu ilikuwa na vumbi jekundu, na mara kwa mara tulisimama kupisha ng'ombe. Tulipofika tuliuliza kwa uangalifu, tukisema tunamtafuta Rukaya kwa habari za cherehani. Mwanamke tuliyemuuliza alitutazama juu hadi chini, akatabasamu vibaya. "Rukaya yule wa kwenye simu? Hayupo kwa mumewe. Amerudishwa kwa kaka yake."

Tulimkuta nyuma ya nyumba anapepeta mahindi. Mwanamke mdogo bado, pengine hakufika thelathini na tano. Nilimtambua kabla hajasema chochote: paji la uso lilikuwa la Zuwena, na ule urefu. Mwanne naye aliyaona.

Alipojua sisi ni nani, Rukaya aliweka ungo chini. Alitupeleka ndani, akafunga mlango, akaongea kwa sauti ya chini sana.

"Nilikuwa darasa la saba," alisema. "Baba alisema mtoto hatakaa kwake, wala aliyenipa mimba hakutajwa. Yule mama wa ofisi aliniambia nikisaini, hakuna mtu atakayenitafuta. Nilisaini kwa ajili hiyo, dada. Yahya amenioa hajui. Mama mkwe hajui. Sasa mdogo wake mume wangu ameipata karatasi kwenye simu, akaisoma kwa sauti barazani, na mimi napakua chakula."

"Watoto wako wako wapi?" Mwanne akauliza.

"Yahya amewabakiza. Watatu. Anasema mwanamke aliyetupa mmoja atatupa na hao."

Mwanne alimshika mikono. Nilidhani atamwomba aje kumwona Zuwena, hata mara moja, mtoto atulie. Sijui kama alikuja na nia hiyo. Hakuomba.

Rukaya akauliza, "Anasoma?"

"Anasoma. Hesabu anazipenda."

"Mimi nilikuwa nazipenda." Akafuta uso kwa kanga. "Asije huku. Si kwamba simtaki. Akionekana hapa, nimemaliza, watoto wangu sitawapata tena. Na usimwambie umeniona. Akijua nipo karibu, atakuja. Niahidi."

"Nakuahidi," Mwanne akasema.

Tulirudi jioni. Zuwena alikuwa anatungojea mlangoni. Sijui nani alimwambia tulikokwenda, labda alibahatisha kwa vumbi lile jekundu la viatuni.

"Mmekwenda Magindu."

Mwanne akainama kukung'uta vumbi viatuni.

"Umemuona?"

"Zuwena, mwanangu..."

"Nimeuliza kitu kidogo tu. Umemuona, hujamuona?"

Nilimtazama Mwanne, nikawa najisemea moyoni, mwambie. Sema tu. Mtoto ana haki. Mwanne alivua viatu, akaviweka ukutani, kisha akasema, "Hilo si langu kulisema."

"La nani?"

"Si langu, mwanangu. Siwezi."

Zuwena alicheka kicheko kifupi, si kile chake. "Wote mnajua. Mtaa mzima unajua. Mimi tu ndiyo nifichwe tena." Akaingia chumbani, na usiku huo alipanga nguo zake kwenye begi la shule. Asubuhi alisema anakwenda kukaa kwa bibi yake Mzenga, na kwamba asizuiwe.

Mwanne hakumzuia. Alimhamishia shule huko Kisarawe, akapeleka godoro na ndoo. Bibi yake, ambaye ndiye mama yake Mwanne, alimpokea bila maswali. Kila mwisho wa juma Mwanne alikwenda Mzenga na mfuko wa mchele na sukari, akakaa barazani, wakazungumza habari za masomo na mihogo, na akarudi. Zuwena alimwamkia, alimpokea mzigo. Neno "mama" hakulitamka. Aliweza kuongea naye saa nzima akilikwepa.

Wanasheria wa msaada walimsaidia Mwanne kuandika malalamiko, kwa kuwa siku hizi iko sheria ya kulinda taarifa za watu. Ilichukua muda. Mwishowe ofisi ilimwandikia barua ya kuomba radhi, simu binafsi zikapigwa marufuku katika kazi ya mafaili, na mkuu akahamishwa. Mkataba wa Ipyana haukurefushwa. Siku moja alipita Kwa Mathias, akasimama mbele ya kibanda. Mwanne alimpa kiti akakaa. Walikaa hivyo, yeye anashona, yule kijana anatazama chini, mpaka akaaga.

Rukaya alipata kuwaona watoto wake baada ya miezi, kwa kusaidiwa na wazee wa ukoo. Hakurudi kwa Yahya. Mwanne alimtumia magauni mawili ya watoto wa kike na kaptura moja. Hakuandika nguo zimetoka kwa nani.

Mara ya mwisho niliyowaona wote wawili pamoja ilikuwa msimu wa mvua. Bibi alipiga simu kwamba Zuwena ana homa kali, hali chakula. Mume wangu alitupeleka kwa gari la rafiki yake, tukamchukua Mzenga tukampeleka kituo cha afya. Alikuwa anatetemeka, amejifunika kanga mbili. Pale dirishani kulikuwa na watu wengi nyuma yetu, na muuguzi wa mapokezi aliuliza kwa sauti ya kusikika hadi kwenye benchi la mwisho: jina, umri, kijiji. Mwanne aliinama akamjibu kwa kunong'ona. Tangu mambo yale, habari yoyote ya mtoto huitoa hivyo.

"Sema kwa nguvu, mama, sisikii. Na wewe ni nani wake?"

Mwanne akafungua mdomo. Zuwena, akiwa ameegemea ukuta, alimtangulia.

"Mlezi," akasema.

Muuguzi akaandika. Mwanne akapokea kadi, akaikunja, akaitia ndani ya pochi yake. Tukaenda kukaa kwenye benchi kusubiri daktari. Homa ilikuwa imemzidi yule mtoto, shingo haimtulii, na baada ya muda akaegemea, kisha akalala kabisa, kichwa kikiwa juu ya mapaja ya Mwanne. Mwanne hakumgusa, asije akaamka. Alikaa wima, mikono ameiweka kando, na miguu ilipomfa ganzi alinisogelea akaniomba nimvue viatu.