Mhojiwa wa kumi na nne: mama wa Misiera niliyemfuta kwenye research yangu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Nimepitia uzi mmoja humu wa wanachuo wanaolalamikia research ya mwaka wa mwisho, nikaona na mimi niweke yangu. Sijaongeza chumvi. Labda nimepunguza, maana mengine bado yananikaba.

Kiswahili changu kina Kongo ndani yake, mtanivumilia.

Mimi ni wa Kivu Kusini, nimekulia kambini Nakivale, Uganda. Wazazi wangu wote wawili walikufa kwenye vita nikiwa na miaka mitatu hivi. Aliyenivusha mpaka ni baba mdogo. Yeye alikuwa akiishi Uvira mjini, na mama yangu alimwona mara moja tu, siku ya harusi.

Kwa hiyo nimekua bila picha ya mama, bila hadithi yake hata moja. Nikimuuliza baba mdogo anajibu, "Alikuwa mtu mzuri." Basi. Sasa nani hasemwi hivyo akishakufa?

Nikabahatika kupata ufadhili, nikaingia chuo Mbarara kusoma sosholojia. Nilipanga chumba Kakoba. 2012 ikafika zamu ya research.

Mada yangu ilikuwa jinsi wanawake wakimbizi wenye biashara ndogo wanavyojikimu. Supervisor wangu, mama mmoja Mnyankore, mkali lakini wa haki, akaipitisha. Nihoji wanawake ishirini.

Nikachagua Misiera, sehemu ya soko humohumo Nakivale, kwa sababu maduka ya wakimbizi yako pale, na pia ni mbali na kijiji chetu cha kambini. Sikutaka kuhoji watu wanaonijua.

Wa kumi na nne alikuwa Mama Riziki, Mkongo mwenzangu. Anauza sombe, yale majani ya muhogo, anayatwanga palepale mbele ya mteja.

Wakuu, yule mama alinisumbua. Namuuliza mtaji aliupata wapi, ananieleza njia ya kwao inavyopita kando ya mto. Namuuliza changamoto za soko, anarudi kwao tena. Nilikuwa narekodi kwa simu yenye memory kidogo, kwa hiyo kila akitoka nje ya mada nazima.

Mara akaacha kutwanga, akawa anaangalia mkono wangu juu ya daftari.

"Unaandika na mukono ya kushoto."

Nikamwomba radhi. Baba mdogo alinichapa sana kwa ajili ya mkono huo, kuomba radhi nimeshazoea.

"Sikulaumu. Uko mutoto ya nani?"

Nikamtajia jina la baba na kijiji chetu cha Kivu.

Akalaza mchi chini. "Asukulu wa kule juu ya mto? Basi mama yako njo Feza!"

Sijui niwaelezeje. Jina la mama nililijua, lakini sikuwahi kulisikia likitamkwa na mtu aliyecheka naye.

"Tulikuwaka tunaenda naye ku shamba. Alikuwaka anatoa sadaka na kushoto, mupaka muchungaji akamukemea mbele ya batu bote. Jumapili ingine akatoa tena na kushoto. Akaniangalia, akacheka. Ile kicheko yake banaisikia mupaka ng'ambo ya mto!"

Nilikaa pale mpaka alasiri. Nikajua kwamba mama alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu. Kwamba aliogopa chura kuliko nyoka. Kwamba alinibeba mgongoni hata nilipokwisha kujua kutembea, mpaka mawifi wakamcheka.

Simu ilikuwa mfukoni, imezimwa. Wala sikuikumbuka.

Nilipoaga, akanishika mkono. "Kuko habari ingine, ya siku ya mwisho nilimuona. Ile haisemwaki mu soko. Kuja siku moja kwangu, tukae."

"Nitakuja, mama."

Nikarudi Mbarara kama mtu aliyelewa. Nikaandika chapter four, na ndani yake kurasa nne nzima za Feza.

Supervisor alizisoma zote bila kuinua kichwa. Kisha akavua miwani. "Kijana, hii si data. Huyu mama kwako si mhojiwa tena, ni ndugu. Mtoe, tafuta mwingine."

Kitaaluma alikuwa sahihi. Nilipofika mlangoni akaniita. "Lakini nenda ukamsikilize. Usiende kwa ajili yangu."

Hapo ndipo nilipokosea, wakuu.

Mama Riziki nikamfuta, nikamweka mwingine. Kwenda kumsikiliza, nikasema nikishamaliza masahihisho. Yakaja masahihisho mengine. Nikasema nikishaprinti. Kisha binding. Kila wiki nilikuwa na sababu nzuri. Ikapita miezi miwili.

Siku niliyokabidhi kitabu nilishika njia ya Nakivale. Pale kwenye sombe nikamkuta mama mwingine, Mrundi, anauza nyanya.

"Mama Riziki alishaenda," akasema. "Jina lake lilitoka kwenye orodha ya wakimbizi wanaohamishiwa ng'ambo. Alikuwa amengoja miaka, kisha wakampa siku chache tu."

Nikamuuliza kama aliacha neno lolote.

"Aliacha. Alisema mtoto wa Feza akija nimwambie..." Akaishia hapo, mkono mdomoni. "Alisema kitu. Unisamehe, kaka. Nimekisahau."

Nilimwambia si kitu. Nilinunua nyanya ambazo sikuzihitaji.

Sasa ni 2015, nafanya kazi hapahapa Mbarara, naishi Ruti. Nimeuliza kila mtu wa Misiera. Wengine wanasema alikwenda Amerika, wengine Kanada. Namba yake ya Uganda, niliyopewa baadaye na wale wa sokoni, haipatikani, na bado kuna siku naipiga.

Jumapili kanisani, wakisimama akina mama wa kwaya, najikuta natafuta aliye mfupi kama Feza. Najua nafanya upuuzi. Macho hayanisikii.

Wadogo zangu mnaofanya research mwaka huu, fuateni supervisor, ana kazi yake. Ila yule mtu anayetoka nje ya mada, mwacheni atoke, mtembee naye. Chapter yangu ingesubiri. Mama Riziki hakuwa na uwezo wa kunisubiri.

Wenye yaliyowapata ya namna hii wamwage hapa, nitasoma yote. Wenye kunisema, semeni pia, nimestahili.

Na kama kuna mdau wa ng'ambo anayesali na mama mmoja wa Kivu, aliyekuwa akiuza sombe Misiera, naomba amfikishie salamu. Amwambie mtoto wa Feza alichelewa, lakini alikuja.